Ombi la Kumrejesha Mama Mkwe Tarime Pamoja na Kibuyu Chake

Glenwood, Durban
Agosti 1998

Kwa Mheshimiwa Baba Mkwe, Mzee Ezekieli,
Tarime.

Shikamoo Baba,

Sisi huku tu wazima, isipokuwa kwa mambo ambayo nimeyapanga hapa chini kwa namba ili usipate taabu kuyafuata. Mimi mkweo Chacha, niliyeleta ng'ombe wote mliowataja na mmoja ambaye hamkumtaja, sijawahi kukuandikia lalamiko lolote tangu nimwoe binti yako Rhoda. Ningeweza kukupigia simu, maana kazi yangu ni hiyo hiyo ya kuwapigisha watu simu za kwao hapa mjini. Lakini duka letu halina chumba cha siri, na mwenzangu wa biashara, Baudouin, Mkongomani wa Bukavu, husikiliza kila simu ya mteja mpaka mwisho kisha hutoa ushauri. Kwa hiyo nimeona niandike.

Kabla ya namba, nikukumbushe habari yenyewe. Mama mkwe alikuja kwetu wakati wa Pasaka ili amtunze mjukuu wenu Ernestina, kwa kuwa Rhoda yuko mwishoni mwa masomo yake kule chuoni Westville na hutoka asubuhi mapema na kurudi jioni. Baridi ilipoingia, mtoto akashikwa na kifua. Tukampeleka kwa Daktari Julienne, mama mmoja wa Kikongo mwenye zahanati yake Queensburgh, akatuambia ni nimonia, akatupa antibayotiki ya maji, ya pinki, yenye harufu ya ndizi. Kifua kikaanza kutulia, lakini tumbo likaharibika. Mtoto akaharisha mpaka tukaogopa, tukaikatisha dawa njiani. Kifua nacho, kuona dawa imeondoka, kikarudi kwa nguvu zaidi. Daktari akatuanzishia dawa upya na kutuonya kwamba safari hii lazima chupa iishe, tumbo lipende lisipende. Basi shughuli yote ya nyumba hii, Baba, ni kulifanya tumbo la mtoto wa miaka mitatu livumilie mpaka chupa iishe.

Ili tumbo livumilie, daktari aliandika vidonge vya bakteria hai. Nilishangaa, nikamuuliza kwa nini tumpe mtoto dawa ya kuua bakteria kwa mkono huu na bakteria wenyewe kwa mkono ule. Nakuandikia jibu lake kama alivyolisema: "Papa Ernestina, mu tumbo ya mutoto muko bakteria mingi, iko ya muzuri na ya mubaya. Antibiotique inaingia kama polisi, haiulize makaratasi, inabeba bote. Sasa sisi tunarudisha ile ya muzuri, pole pole." Baba, mtu yeyote anayeishi Durban na lafudhi ya ugeni anaelewa mfano huo bila kuchorewa. Akaongeza kwamba maziwa mgando ya nyumbani, yakitengenezwa kwa usafi, nayo yana hao bakteria wazuri. Hapo ndipo alipofanya kosa, kwa sababu Rhoda alikwenda kumwambia mama yake.

Sasa naingia kwenye namba.

Lalamiko la kwanza ni kibuyu. Mama alikuja nacho kutoka huko, amekipakata ndani ya basi safari nzima kama mtoto mchanga, na ndani yake mabaki ya mtindi wenu kwa ajili ya mbegu. Sikusema kitu. Lakini huku mwezi wa Agosti maziwa hayagandi vizuri kwa sababu ya baridi, hivyo Mama aliyachunguza mazingira akagundua kwamba nyuma ya friji kuna joto. Akakiweka kibuyu hapo. Kisha akaona kinahitaji kufunikwa, akakifunika kwa koti langu la harusi, lile uliloligusa kwa vidole ukaniuliza ni kitambaa gani. Sasa kibuyu kimevaa koti na mimi naenda kanisani na sweta. Mchungaji ameniuliza faragha kama biashara imekuwa mbaya.

Lalamiko la pili ni moshi. Kama unavyojua, kibuyu hakioshwi kwa maji peke yake, husafishwa kwa kijiti kinachowaka. Mama alikiwashia kijiti kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu. Mlinzi wa jengo, mzee wa Kizulu asiyependa kupanda ngazi, alizipanda zote mbio akiwa na ndoo ya maji, akipiga kelele "Eish! Eish!" Mama alimtazama, akamkalisha kwenye kiti changu, akampa kikombe cha mtindi. Tangu siku hiyo mlinzi anamwita Gogo, yaani bibi, na kila Jumamosi huja kuuliza kama kuna chochote cha kuzimwa. Bomba la kwetu linalovuja, ambalo nimemwomba alitengeneze tangu mwaka jana, lilitengenezwa Jumamosi ya kwanza.

Lalamiko la tatu ni mila zetu, na hapa naomba uniwie radhi kwa sababu mila si kosa la Mama. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemeshani, na hawakai chumba kimoja. Ninaiheshimu sana mila hii, na kwenye boma lenye nyumba nne mtu anaweza kuishi nayo mpaka uzeeni bila kuona tabu. Sisi, Baba, tuna vyumba viwili na ukumbi mwembamba unaopitisha mtu mmoja. Nikitaka kuingia jikoni mwangu ni lazima nikohoe kwanza. Mama akinisikia hujifunika kanga na kugeukia ukutani, na kwa kuwa ni mama mwenye kazi nyingi, mara nyingi ananigeukia ukuta akiwa ameshika mwiko. Akiwa ukumbini, mimi hukaa nje kwenye ngazi pamoja na wanafunzi waliopanga juu yetu, ambao wanadhani nimefukuzwa na mke. Baudouin alinikuta hapo nikila chakula changu cha jioni kwenye ngazi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Chacha, sasa na weye uko réfugié! Kesho twende Home Affairs, mimi nitakuonesha line iko wapi." Yaani nami sasa ni mkimbizi, wa kupanga foleni kwenye ofisi ya vibali vya wageni.

Ningeyavumilia hayo. Shida ni kwamba maelekezo ya daktari nilipewa mimi, na mtu anayeshinda na mtoto ni Mama. Daktari alisema vidonge vikae kwenye friji, na mtoto asipewe pamoja na antibayotiki, bali ipite nafasi ya saa mbili hivi, la sivyo ile polisi itawakamata wageni mlangoni. Rhoda alikuwa ameshaondoka. Nikafanya ambalo mtu mwenye adabu angefanya: nikasimama jikoni na kuliambia friji. Nikasema, "Friji, vidonge vya mtoto viko kwako. Ni saa mbili baada ya dawa ya pinki, si pamoja nayo. Tena friji ukumbuke kwamba daktari amesoma."

Mama, uso ukutani, akaliambia sufuria, "Sufuria, mwambie huyo aliyesema na friji kwamba mimi nimekuza watoto saba bila kumlisha hata mmoja mdudu wa kwenye kopo."

Friji likanyamaza, sufuria nalo likanyamaza. Tukaachana hapo, kila mmoja akaendelea na tiba yake. Mimi nilimpa mtoto kidonge asubuhi kabla ya kwenda kazini, Mama alimpa mtindi mchana, na tumbo likaendelea kuharisha vile vile.

Lalamiko la nne ni la uraia. Bakteria wa daktari wamo kwenye kopo lenye jina, tarehe na anwani ya kiwanda. Wakifanya kosa, mtu anajua pa kuwashtakia. Bakteria wa Mama wamevuka nchi tatu ndani ya kibuyu, chini ya blanketi, bila hata karatasi moja. Rhoda ananiambia kwamba kwenye mpaka wa mwisho afisa alifungua kizibo, akanusa, akakirudisha haraka na kuliambia basi liende. Je, huo ni ukaguzi? Na hawakukaa walipofikia. Wanafunzi wa juu walikuja na kikombe kuomba mbegu. Mke wa Baudouin alikuja na mtungi, kisha kwaya yao nzima ya akina mama wa Kikongo ikaja na mitungi, wakikaa kitandani kwangu kwa kukosa viti, wakimwuliza Mama habari za matumbo ya watoto wao na yeye akiwajibu wote, tena kwa sauti. Mimi nilikuwa kwenye ngazi. Kwa makisio yangu, wakazi wa Tarime waliomo kwenye friji za Glenwood sasa ni wengi kuliko watu wote wa Tarime, na hakuna hata mmoja aliyeomba kibali cha kuishi. Serikali ya huku ikigundua, nyumba itakayotafutwa ni ya Chacha.

Lalamiko la tano limefutwa na binti yako, aliyekuwa anasoma nyuma ya bega langu.

Lalamiko la sita ni zito, nalo lina ushahidi. Tulipoona tumbo halikomi, tulirudi kwa daktari kwa gari la Baudouin. Mama alikaa nyuma na mtoto, mimi nikakaa mbele nikitazama barabara tu, na kila robot, yaani taa ya barabarani, iliposimamisha gari nilizidi kuitazama. Nilikuwa nimejiandaa kuushtaki mtindi, Baba, na nilikuwa na uhakika wa kushinda. Nikaeleza kila kitu. Daktari akamgeukia Mama, akamwuliza kwa upole anautengenezaje. Mama akaeleza vizuri kabisa, kuanzia kuchemsha maziwa, kuyapoza, kutia mbegu, mpaka koti langu. Kisha akamalizia kwamba kabla ya kumpa mtoto huurudisha mtindi jikoni na kuuchemsha tena. Daktari akaweka kalamu chini.

"Unachemsha tena, Mama? Juu ya nini?" Kwa Kikongo chao hiyo ni "kwa nini."

"Ng'ombe wa huku sijawaona," Mama akasema. "Maziwa ya ng'ombe usiyemjua yanachemshwa. Na mtoto akiwa mgonjwa yanachemshwa zaidi."

Hivyo, Baba, mkeo alikuwa anawapika. Amewatoa Tarime, amewavusha mipaka, amewavisha koti, halafu kila siku mchana anawachemsha mpaka wa mwisho, kisha anampa mtoto maji yao. Nakiri kwamba nilitabasamu nikitazama ukuta.

Kwa kuwa Rhoda atakusimulia hata nikinyamaza, ni haki nitaje kwamba daktari aliniuliza na mimi kidonge nakitiaje. Nikamwambia nakifungua na kuchanganya unga wake kwenye uji. Akauliza kama uji unakuwa wa moto. Sasa Baba, ni mzazi gani anayempa mtoto mwenye kifua uji wa baridi mwezi wa Agosti? Nilimwambia ni wa moto kabisa, unatoa moshi, tena huukoroga vizuri ili unga usambae. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Nyumba moja," akasema, "na kila siku munazika mara mbili! Hivi vitu viko hai, Papa. Moto inaviua."

Naomba uzingatie tofauti. Wangu waliuawa ndani ya uji wa ulezi wenye karanga na sukari, bila kusumbuliwa. Wake walichemshwa katika sufuria tupu. Siwezi kuyaita hayo makosa ya aina moja.

Ndipo nikasikia kitu kikitikisika nyuma yangu. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga na mabega yanacheza. Mama mkwe kumcheka mkwewe mbele ya daktari! Nimelifikiria hili, nikaona lisihesabiwe lalamiko la pekee, ila lijulikane.

Lalamiko la saba. Tangu siku ile uji unapozwa kwanza na mtindi unatolewa kibuyuni moja kwa moja mpaka kikombeni, na nafasi ya saa mbili inafuatwa. Tumbo la Ernestina limeanza kufunga. Mashavu yanarudi. Sina ninachoweza kulalamikia katika hilo, na nimejaribu. Lalamiko langu ni kwamba mtoto hataki tena kupokea dawa mkononi mwangu. Nikishika kijiko, anabana meno. Nikimbembeleza, anafungua mdomo vizuri, anapokea, ananitemea kwenye shati, na sasa nina mashati ya pinki. Bibi yake akishika kijiko kile kile, chenye dawa ile ile, mtoto anapanua mdomo kama kifaranga, anameza, kisha anauliza mtindi uko wapi. Anaimbiwa Kikurya. Jana aliamka usingizini akaita, nikaruka kitandani na kukimbia, nikakuta ameita "Bibi." Bibi alikuwa ameshafika. Akajifunika kanga, mimi nikarudi kinyumenyume.

Niseme wazi, Baba, maana wewe ni mzazi. Mtoto alipokuwa anaharisha nilikuwa nikimwinua mikono inapanda yenyewe, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Niliogopa. Niliogopa kiasi cha kumwambia Rhoda kwamba tusimpe dawa nyingine yoyote, na kama wangenisikiliza mara ya pili, sijui leo ningekuwa naandika nini. Sikumwonyesha mtu hofu hiyo. Baba wa mtoto anatakiwa awe na lake analoweza kufanya, na mimi nilikuwa na kidonge kimoja cha asubuhi, nacho nilikuwa nakipika. Sasa mtoto anapona, na mtu anayemponya ni mwingine, anageukia ukutani kila ninapoingia, na siwezi hata kumwambia neno. Hilo ndilo linaloniuma, na mengine yote nimeyatanguliza ili upate kulizoea.

Kwa sababu hizo, na kwa heshima zote, naomba yafuatayo. Kwanza, mara chupa ya dawa itakapoisha, umwite Mama arudi nyumbani, na wito huo uonekane umetoka kwako, si kwangu. Pili, kibuyu kiondoke naye. Tatu, bakteria ambao tayari wameingia tumboni mwa mtoto waruhusiwe kubaki, kwa kuwa wameshazoea mahali na hawamsumbui mtu. Wale walioko kwa wanafunzi na kwenye kwaya nitawaachia wenyewe wajieleze.

Nisalimie mama wadogo wote, mashemeji wote pamoja na yule ambaye bado ana baiskeli yangu, majirani wa kisimani, na ng'ombe, ambao kama nilivyoeleza, wanaaminiwa sana huku. Rhoda anakusalimu na anasema alichokifuta hakikuwa cha kweli. Baudouin anakusalimu pia ingawa hamjuani.

Nabaki mkweo mtiifu,

Chacha

Nyongeza. Barua hii ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua tena. Leo chupa imeisha. Daktari Julienne amesikiliza kifua cha Ernestina mbele na nyuma, akasema ni kisafi, na tumbo liko sawa. Tuliporudi nyumbani Rhoda alipitia chuoni, nasi tukabaki watatu. Mama aliingia chumbani, akavuta begi lake chini ya kitanda, akaanza kukunja kanga. Hakuitwa na mtu. Aliona kazi yake imekwisha, na nadhani amenisikia muda wote huu nikikohoa mlangoni, akaelewa vibaya. Ernestina akaketi juu ya begi, akakataa kutoka.

Nilisimama mlangoni. Hapakuwa na kitu chochote cha kukiambia, ukuta mtupu na kitanda. Mama aliinua begi, likainuka na mtoto juu yake, na mtoto akaanza kulia. Baba, nikasema naye mwenyewe. Nilisema, "Mama, usiondoke. Umemponya mtoto wangu na sijakushukuru." Nikamtazama usoni. Ni mara ya kwanza tangu harusi, na nimeona Rhoda alikoitoa sura yake. Mama hakujifunika. Alinitazama, akaliweka begi chini, akasema, "Haya, mwanangu. Kwanza njoo nikufundishe kumpa mtoto dawa, hata kama chupa imeisha, maana unashika kijiko kama mtu anayekwenda kumchoma sindano."

Ninajua kwenu mkwe aliyefanya hivyo hutozwa mbuzi. Nitamlipa, na ukitaka wawili nitalipa wawili. Lakini nakuomba sana, usimwite Mama. Kama nyumba huko imekuwa kimya mno, njoo wewe.